Emacs imenigeuzia ripoti kuwa utenzi. Hizi edita zinaandikiwa nani?

Wakuu salaam. Leo mnivumilie, nina hasira. Kama wewe ni wa "mbona mimi sipati hilo tatizo", pita kushoto.

Kazi yangu ni kutafsiri ripoti na miongozo, na naandikia Emacs, edita ya maandishi ya tangu zamani, kwa sababu laptop yangu ni kongwe na Emacs haiichoshi. Juzi nimemaliza ripoti ya kurasa 14, nikanakili yote kwenye barua pepe, nikatuma, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Asubuhi simu ya mteja: "Ndugu yangu, hii ni ripoti au utenzi?" Kaifungulia kwenye simu. Mstari unaanza vizuri, unakatika, maneno mawili yananing'inia peke yake chini, halafu mstari mrefu tena. Kurasa zote 14.

Mchawi ni M-q (yaani Alt na q), amri ya kupanga aya upya. Ukiibonyeza, Emacs haipindishi mstari kwenye kioo tu. Inapanda enta ya kweli ndani ya maandishi yako kabla ya kuvuka herufi 70. Kwenye kioo chako aya imenyooka kama askari, kwenye simu ya mwenzako imevunjikavunjika. Na hizo hesabu ni za ukoo wa kadi za kutoboa za IBM za kuhifadhia data, za mwaka 1928, zilizokuwa na safu 80! Mimi naandika "yanayowashughulikia", herufi 19, neno moja limekula zaidi ya robo ya mstari. Ukingo wa kulia unabaki kama meno ya mzee.

Hapo sijagusa spesi. Emacs ukiitoa kwenye boksi inaamini sentensi inaisha kwa nukta na spesi MBILI, adabu za wapiga taipu. Mimi napiga moja, kama watu wengi wa leo. Basi inafanya hivi: nukta ikiangukia mwisho wa mstari, M-q ikiunganisha mistari inaongeza spesi ya pili bila kuuliza. Nukta zilizoko katikati inaziacha na spesi moja. Matokeo yake aya moja ina spesi za aina mbili, na mhakiki anadhani nilikuwa nasinzia. Tena ikiona nukta yenye spesi moja inakataa kukata mstari hapo, kwa hiyo neno la mwisho la sentensi linaburutwa kwenda mstari wa chini wakati lilikuwa na nafasi yake juu.

Najua kuna (setq sentence-end-double-space nil), mpangilio wa kuiambia Emacs kwamba spesi moja inatosha. Nimeiweka. Sasa kila "Dkt." na "Mhe." ni mwisho wa sentensi! Nikibonyeza M-e kuruka sentensi, nasimama kwenye "Dkt." kama daladala isiyo na abiria. Na M-q inaacha "Dkt." mwisho wa mstari, jina la mtu linaanza mstari unaofuata. Yaani uchague ugonjwa unaoupenda.

Watu wa Vim, ile edita nyingine, msicheke, nyie mna joinspaces, mpangilio wa kuongeza spesi ya pili mistari ikiunganishwa.

Kwenye Git, programu ya kutunza kila badiliko la faili, ndiyo usiseme. Nabadilisha "na" kuwa "pamoja na", nabonyeza M-q kwa mazoea, aya nzima inasogea. Mwenzangu anayekagua anaona mistari tisa nyekundu (iliyofutwa) na tisa ya kijani (iliyoongezwa), anatafuta nimebadilisha nini. Neno moja, mkuu! Brian Kernighan wa Bell Labs aliwaambia watu wa Unix, mfumo wa kompyuta wa enzi hizo, tangu 1974 waanze kila sentensi kwenye mstari wake. Miaka yote hiyo, na bado edita inakuja na kitufe cha kuvuruga aya nzima.

Kwa sasa nimeing'oa M-q kabisa, nimewasha visual-line-mode ili mistari ipinde kwenye kioo tu, na naandika sentensi moja kila mstari. Kwenye Git raha tupu. Lakini nikinakili kwenda barua pepe kila sentensi inasimama peke yake, utenzi unarudi, inabidi niunganishe aya moja moja kwa mkono kabla ya kutuma. Jana nimeunganisha aya 61.

Mwenye njia ya kuunganisha zote kwa mpigo bila kuharibu orodha na vichwa vya habari aweke hapa. Na msiniambie nihamie Word, huko nilitoka kwa sababu zangu.