Naomba ushauri: nikisema "basi", mume wangu haachi

Habari zenu wapendwa. Mnivumilie, jambo lenyewe ni la chumbani.

Nina miaka 31, ndoa ina miaka sita, tupo Morogoro. Tangu nijifungue kwa upasuaji, kuna siku nakubali vizuri tu, halafu katikati mshono unavuta, namwambia, "Baba Juma, basi, naumia." Haachi. Juzi nilimsukuma kifuani kwa mikono miwili. Alipomaliza akageukia ukutani akalala, mimi nikabaki nasikiliza feni. Asubuhi kaacha hela ya mboga mezani kama kawaida.

Nimeongea naye mchana, kumetulia. Jibu: "Si ulikubali mwenyewe?" Somo yangu naye kanikumbusha mahari. (Kumbe mahari ililipia na maumivu!) Dada msaidizi wa sheria wa hapa mtaani kasema kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha ubakaji, tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kinamgusa mume pale tu wanandoa wanapokuwa wametengana. Sisi tunalala kitanda kimoja. Na sitaki afungwe, talaka pia sijaifikiria. Nataka nikisema basi iwe basi.

Aliyewahi kupeleka jambo kama hili dawati la jinsia polisi, au bodi ya usuluhishi wa ndoa: walimwitaje mume, na siri ilibaki pale pale?

Pili, nianze na nani upande wake? Mama mkwe namwonea haya. Nafikiria mshenga wetu, mtu mzima, ila ni rafiki yake wa kahawa.