Kuboresha programu yako kuliitwa kuitelekeza: hataza hizi zinamlinda mvumbuzi gani?

Ndugu wanajukwaa, nimechoka kuambiwa kwamba hataza za programu, yaani haki za kisheria za kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako, hazina madhara kwa kuwa hakuna anayeweza kumilikishwa kitu kilichokwisha kuvumbuliwa na mwingine. Kabla ya kunijibu, someni kesi ya kampuni ya Eolas dhidi ya Microsoft.

Pei-Yuan Wei alianza kuunda kivinjari cha mtandao kiitwacho Viola akiwa mwanafunzi wa chuo cha Berkeley, Marekani, na Mei 1993 aliwaonyesha wahandisi wawili wa kampuni ya kompyuta ya Sun jinsi kinavyoendesha programu ndogo ndani ya ukurasa, bila kuwafunga kwa mkataba wowote wa siri. Ombi la hataza ya mbinu ya namna hiyo hiyo, ambayo Eolas ilikuja kuishitakia Microsoft, liliwasilishwa Oktoba 1994, na mmiliki wake alikuwa Chuo Kikuu cha California, ambacho Berkeley ni sehemu yake! Mwaka 2003 jopo la wananchi huko Chicago liliitoza Microsoft zaidi ya dola milioni 520 bila kuruhusiwa kuipima Viola, kwa sababu jaji aliona kwamba Wei, kwa kutengeneza toleo bora zaidi, alikuwa amelitelekeza lile la kwanza, hivyo lisingeweza kuhesabiwa kuwa limeitangulia hataza. Nani kati yetu aandikaye programu hajawahi kutoa toleo la pili? Mahakama ya rufaa ilikataa hoja hiyo mwaka 2005, lakini hataza yenyewe haikubatilishwa na jopo hadi Februari 2012, huko Texas, katika kesi nyingine ambayo Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa Wavuti (World Wide Web), alilazimika kwenda kutoa ushahidi.

Kwetu sisi tulio nje ya Marekani hali ilikuwa mbaya zaidi, maana kwa sheria yao ya zamani programu iliyotumika hadharani Nairobi au Munich, kama haikuandikwa popote, haikuhesabiwa kuwa imetangulia, wala haikuzuia mwingine kupewa hataza. Dosari hiyo iliondolewa kwa maombi yaliyowasilishwa kuanzia tarehe 16 Machi 2013, lakini sasa anayetangulia kuwasilisha ombi ndiye mwenye haki, na aliyeitumia programu yake kimyakimya hana kinga mpaka athibitishe kwamba aliitumia kibiashara nchini Marekani kwa angalau mwaka mzima kabla.

Ulaya nako, mkataba wa hataza wa mwaka 1973 unasema programu za kompyuta si uvumbuzi, kisha unaongeza kwamba katazo hilo linahusu programu “kama zilivyo” tu, na mawakili wamepita katika mwanya huo kwa miongo.

Microsoft ilikuwa na fedha za kukata rufaa. Mtu anayeandika programu peke yake usiku, baada ya kazi, angezipata wapi?