Mchwezi aliyezinduka Kampala ya leo: uchawi unameza mapenzi

KalamuYaKatonga
Habari zenu wapenzi wa riwaya. Rasimu imefika maneno 40,000. Nesi Mtooro, wa kabila la Batooro wa magharibi mwa Uganda, anafanya kazi Kampala. Kijana ni Mchwezi, mmoja wa wale watawala wa kale wa masimulizi wenye nguvu za ajabu, aliyezinduka katika mahandaki ya kale ya Bigo bya Mugenyi. Sura nane za mwanzo zinasomeka. Kuanzia ya tisa, kila wakikwama kijana anatumia nguvu zake wanatoka, na mapenzi yanapooza. Empaako yake, lile jina la heshima na upendo la Kitooro, nimeiweka Okaali kwa kuwa ni wa damu ya kifalme. Kasoro iko wapi?

MutubaMkavu
Uchawi wako hauna bei. Tazama lubugo, kitambaa cha magome: gome la mti wa mutuba huambuliwa msimu wa mvua, shina likafungwa majani ya mgomba ili gome jipya liote, na lile lililotoka hupondwa kwa nyundo za mbao mpaka litandae kama kitambaa. Ukiambua tena kabla jipya halijakomaa, unaweza kuua mti. Mpe kijana sheria hiyohiyo: nguvu zake zitumike mara moja tu kwa kila msimu wa mvua. Kampala ina misimu miwili ya mvua kwa mwaka, basi ana nafasi mbili tu.

Ya kwanza aipoteze mapema, sura ya nne, kwa upuuzi: umeme umekatika, anawasha taa za mtaa mzima ili nesi amwone. Ikifika sura ya tisa ni kiangazi, hana kitu, na anayeokoa ni nesi kwa dripu na akili yake. Msomaji lazima aijue sheria kabla ya hatari kufika. Ukiitaja palepale kwenye hatari ataona umemdanganya.

Adyeri_wa_Fort
Okaali ifute leo hii, ndugu yangu. Hiyo ni ya Omukama, yaani mfalme, peke yake. Damu ya kifalme haitoshi. Tena kuna kosa kubwa zaidi: kwa masimulizi yetu empaako zililetwa na Babiito, ukoo wa kifalme uliofuata, baada ya Bachwezi kutoweka. Kijana wako hana kabisa!

Na hapo ndipo utamu ulipo. Mtooro hakusalimu vizuri bila kukuuliza empaako yako. Nesi amuulize siku ya kwanza, kijana abaki kimya. Kilele kiwe siku anayopewa moja, tuseme Araali. Ila nesi asimpe chumbani kama jina la mahaba. Hilo ni jambo la ukoo: wazee na mashangazi wawepo, uliwe ulezi na nyama iliyokaushwa kwa moshi, mti upandwe. Shangazi asiyemtaka mgeni huyu atakupa mvutano kuliko jini lolote.

KalamuYaKatonga
Asanteni sana. Sura ya 12 wanakimbia kwa boda usiku mmoja, Kampala hadi Fort Portal, mji wa Tooro. Inakubalika?

Adyeri_wa_Fort
Ni karibu kilomita 300, wawili juu ya boda, gizani, malori yakiwapita. Watafika wakiwa maiti. Wapande basi, au boda iharibike Mubende walale hapo. Juu ya kilima kuna mti wa Nakayima, unaohusishwa na Ndahura, Mchwezi mwenzake. Watu huabudu pale hadi leo, kwa hiyo usiufanye pango la wachawi wabaya.

MutubaMkavu
Mubende itafaa. Ila angalia ni mwezi gani wa mwaka: kama mvua imeanza, nafasi yake ya pili imerudi, na lazima achague kuitumia pale au kuitunza.