Naombeni ushauri: injini gani ya petroli haitaniacha jangwani?

Njiani_Daima (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za muda huu. Naombeni msaada, wiki ya pili sasa silali vizuri.

Naandaa gari la safari ya miezi minane, mimi na mke wangu. Njia ina jangwa, ina milima inayofika mita 4,000, na kuna kipande ambacho toka kituo cha mafuta hadi kingine ni km 600. Nimeshaamua petroli. Dizeli za kisasa zenye kichujio cha moshi zinataka mafuta yenye salfa kidogo sana, na siwezi kujua pampu ya huko itanipa nini. Dizeli za zamani sizitaki, msinishawishi.

Nimebaki na tatu: 1FZ-FE na 1GR-FE za Toyota, na TB48DE ya Nissan. Ipi haitaniacha porini? Pia nasikia kuna nchi bado zinauza petroli yenye risasi, ile inayoua masega (kisafisha moshi cha kwenye ekzosi). Nawasilisha kwa heshima.

Sukani_Kulia
Umesema usishawishiwe, mimi nakushawishi hivyo hivyo. Chukua 1HZ, dizeli ya Toyota. Silinda sita, lita 4.2, haina turbo, pampu yake ni ya kimakanika tupu. Hutamtafuta fundi wa kompyuta katikati ya mchanga. Na mimi siwezi kulala juu ya madumu ya petroli, hata unilipe.

Fundi_Sampo
Sukani, 1HZ naiheshimu, lakini hata yenyewe ina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa. Mwenzetu kauliza petroli, tumjibu petroli.

Mkuu Njiani, zote tatu zinatumia cheni, huo ni mwanzo mzuri. 1FZ-FE ni lita 4.5, silinda sita kwa mstari, bloku ya chuma, uwiano wa mgandamizo 9:1. Maana yake inavumilia petroli hafifu. Ubaya wake ni kiu: gari likiwa na mzigo, lita 20 kwa km 100 ni kawaida, na kwenye mchanga laini inapanda zaidi. 1GR-FE ni V6 ya lita 4.0, bloku ya alumini, 10:1, nyepesi na changamfu zaidi. TB48DE ina nguvu sana, ila vipuri vyake nje ya maeneo ilikouzwa utavisubiri. Kuhusu risasi ondoa hofu: Algeria ilikuwa nchi ya mwisho kuiuza kwa magari, ikaacha Julai 2021.

Sasa nijibu mambo mawili. Gari ni lipi? Na lina uzito gani likiwa limejaa maji, mafuta na ninyi wawili ndani?

Mzee_wa_Kabureta
Vijana mna bahati. Safari zetu zilikuwa za kabureta. Jua la saa saba petroli inachemka kwenye bomba kabla haijafika, injini inazima kama mtu kaipulizia. Tunashuka, tunalowesha kitambaa, tunafunga pampu, tunakaa kivulini nusu saa. Mara moja maji ya kunywa yalikuwa yamebaki kidogo na mwenzangu akakataa yasimwagiwe chuma. Tulisubiri hadi jioni ipoe. Alikuwa sahihi, na mpaka leo nikimkumbuka namshukuru. Kwa hiyo mwanangu, yoyote yenye nozeli ni neema.

Dada_Ramani
Kaka, mimi si fundi, nauliza la nyumbani. Shemeji ameshirikishwa? Watu wengi wanahangaika na injini miezi sita, halafu mwenza wake hajawahi hata kufungua boneti. Ukiugua wewe, nani atalitoa gari huko? Mfundishe kwanza, injini baadaye.

Njiani_Daima
Ahsanteni wote. Mzee shikamoo, nimekusoma mara mbili. Dada, mke wangu yuko na mimi bega kwa bega.

Fundi, gari ni la kawaida tu la 4x4 lenye chesi, uzito wa kawaida. Lakini nauliza pia: kwa nini watu mnapenda injini kubwa nzito? Hakuna injini ndogo ya kisasa inayofaa?

Fundi_Sampo
"Kawaida" si namba. Na hilo swali la injini ndogo halikuwepo mwanzoni. Kuna kitu hujatuambia, mkuu. Sema, hapa hakuna wa kukucheka.

Njiani_Daima
Sawa. Nilitaka nione kwanza kama kuna atakayeitaja.

Injini nimeshanunua. Ni ya lita 2.0, silinda nne, turbo, petroli inanyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Imetoka kwenye gari dogo la saluni. Vishikizio vimeshachomelewa kwenye chesi, nyaya fundi ataanza kuziunganisha mwezi ujao. Uzito likijaa, mizani ilisoma kilo 3,400.

Kabla hamjanirukia nisikilizeni. Nguvu zake kwenye karatasi zinalingana na hiyo 1FZ. Ni nyepesi sana kwa mbele. Milimani injini isiyo na turbo inapoteza karibu theluthi ya nguvu kwenye mita 4,000, yangu inajifidia. Na haili mafuta: imeshatembea km 820 kwa tanki moja la lita 90. Kwa nini hiyo iwe mbaya?

Fundi_Sampo
Ahsante kwa kusema ukweli. Hapo kwenye mwinuko uko sahihi kabisa, sikupingi.

Tatizo liko kwingine. Saluni ya kilo 1,500 inaiita turbo kwa sekunde chache inapopita gari. Kilo 3,400 kwenye mchanga zitaiita saa nzima bila kupumzika, mwendo ni km 20 kwa saa, hewa ya kupoza haipiti mbele. Joto hilo litakwenda wapi? Halafu injini hizo nyingi zimepangwa kwa petroli ya RON 95 au zaidi (RON ni kipimo cha petroli kustahimili noki, yaani kulipuka ovyo ndani ya silinda). Ukiipa hafifu, sensa inasikia noki, kontroli boksi inachelewesha cheche, nguvu inashuka na moshi unatoka wa moto zaidi. Zile namba za kwenye karatasi hutazipata siku unayozihitaji.

La pili ni pampu. Nozeli za kawaida za 1FZ zinafanya kazi kwa presha ya baa 3 hivi. Za kwako zinakwenda 150 hadi 200. Pampu ya baa 3 nimewahi kuifunga ya gari jingine kabisa na mtu akafika nyumbani. Ya baa 200 ikifa, unasubiri ileile yenyewe iletwe. Na kwa kuwa petroli haipiti kwenye valvu za kuingiza hewa, haizioshi, masizi yanaganda pale.

Injini yako si mbovu. Imepewa kazi ambayo si yake.

Kipima_Maneno
Wakuu samahani, mbona mimi nasikia harufu ya chai humu? Nimerudi kusoma taratibu. Nyaya zitaanza kuunganishwa mwezi ujao, lakini injini imeshatembea km 820 kwa tanki moja. Imetembeaje bila nyaya? Tena hiyo ni lita 11 kwa km 100, gari la kilo 3,400. Hakuna gari hapo. Tumepotezewa muda.

Sukani_Kulia
Duh, hilo nililipita. Mwaka juzi kuna mtu alituomba ushauri wa gari la tani tano wiki nzima, kumbe alikuwa anaandika hadithi.

Dada_Ramani
Tusihukumu haraka. Lakini kaka, jibu. Kimya kitakuumiza zaidi.

Mzee_wa_Kabureta
Hata kama ni hadithi, Fundi ameandika mambo ambayo mwingine yatamwokoa. Mimi sidai muda wangu.

Njiani_Daima
Nipo. Nilitoka nje kidogo, yamenichoma kwa sababu ni kweli.

Km 820 ni maneno ya aliyeniuzia, na ni ya ile saluni. Mimi sijaiwasha hata dakika moja. Nimeyarudia mara nyingi kwa mke wangu ili aache kuwa na wasiwasi, mpaka nikawa nayasema kama yangu. Gari lipo, Kipima. Mizani ipo, kilo 3,400 ni kweli. Nimetumia akiba kubwa hapo, na kila mkiandika "ndogo" nilikuwa nasikia "mjinga".

Kipima_Maneno
Kwa maelezo hayo nakuamini, na neno chai nalifuta. Hesabu bado naishikilia: km 600 kwa lita 25 kila km 100 ni lita 150. Weka ya akiba walau lita 40. Tanki la lita 90 halifiki hata nusu, na lita 190 za petroli ni kama kilo 140. Uzito wako haujaisha kupanda.

Fundi_Sampo
Hakuna aliyekuita mjinga. Iuze hiyo injini sasa, nyaya hazijaguswa, bado ina thamani kwa mwenye saluni. Vishikizio vinakatwa siku moja. Kwa uzito wako, ningeweka 1FZ-FE na tanki la pili, nikapanda milima polepole. Hakuna atakayekukimbiza.

Njiani_Daima
Bado roho inauma kuiachia. Lakini kuna mtu nimempigia, ana 1FZ-FE iko bado ndani ya gari, inawaka. Keshokutwa nakwenda kuiona. Niangalie nini?

Fundi_Sampo
Mwambie asiiwashe kabla hujafika. Gusa bloku, iwe baridi. Fungua kifuniko cha rejeta: mafuta ya injini yanaelea juu ya maji? Ikishawaka, mapovu yanaendelea kutoka? Hapo gasketi ya silinda hedi imekwisha. Ikipata moto, izime upime kompresheni (mgandamizo) ya silinda zote sita. Sitajali sana namba yenyewe kama ninavyojali tofauti: ya chini isipungue zaidi ya asilimia 10 kutoka ya juu.

Mzee_wa_Kabureta
Na plagi zitolewe zote sita, si moja moja. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na umeme wa cheche. Halafu mtu mmoja akae ndani akanyage pedeli ya mafuta hadi mwisho wakati unapiga stata, la sivyo injini inakosa hewa na namba zitakudanganya. Betri iwe imejaa.

Njiani_Daima
Nimeandika yote kwenye daftari. Mke wangu amesoma uzi wote toka juu, na zile km 820 pia amezisoma. Amesema pedeli atakanyaga yeye.