Saiti ya bandarini Hamburg tumegonga chuma chini, msimamizi anasema ni bomba, nikikataa kazi kesho nitakuwa nimekosea?

Wakuu habari za usiku. Nipo Hamburg mwaka wa pili, nafanya mjengo, kwa sasa saiti yetu iko Wilhelmsburg upande wa bandarini tunachimba msingi wa ghala. Leo mchana kijiko kimegonga chuma kama mita tatu chini, dereva akazima mashine akashuka, mimi nilikuwa karibu na nondo zangu nikasogea nikaona mgongo wa kitu cha mviringo kimejaa kutu, unene kama mtungi mkubwa wa gesi. Msimamizi akaja akaangalia akasema hilo ni bomba la maji la zamani, fukieni, kesho asubuhi tutalivuta kwa mnyororo, na kwamba eneo lilishapimwa mabomu na cheti kipo. Mjerumani mmoja mtu mzima akatikisa kichwa akaondoka bila kuaga. Mimi sina lugha ya kutosha, kibali changu kimefungwa na hii kazi, nina watoto Morogoro wanasubiri ada. Ila bomba la maji halichongoki mwisho, na lile lilikuwa linachongoka, naogopa ni bomu la vita. Naombeni ushauri wenu maana saa moja asubuhi natakiwa kuwa shimoni.

Dereva wa Kijiko
Mdogo wangu usisubiri asubuhi. Piga 112, namba ya dharura, sasa hivi, waambie "Bombe, Baustelle" (bomu, saiti ya ujenzi) na mtaa, watakuelewa hata Kijerumani chako kikiwa cha kuokoteza. Hapa Hamburg wategua mabomu wako chini ya zimamoto, kitengo kinaitwa Kampfmittelräumdienst, simu ikifika zimamoto inawafikia wao na hawatakuuliza bosi wako anasemaje.

Mimi naendesha kijiko huku mwaka wa tisa, nisikilize vizuri. Mwaka 1943 Waingereza na Wamarekani waliupiga huu mji tangu tarehe 24 Julai hadi mwanzoni mwa Agosti, walikufa watu zaidi ya 30,000, na bandari na viwanda vya mafuta vya Harburg viliendelea kupigwa hadi vita inakwisha. Sasa udongo wa bandarini ni tope, bomu likitua kwenye tope halipati kishindo cha kutosha, linazama mita kadhaa huku linapinda njia, ndio maana unakuta limelala chini ya mahali ambapo juu hakukuwa na tundu lolote. Halafu baada ya vita wakamwaga mchanga juu wakajenga. Cheti anachokisema kinaweza kuwa cha kweli kabisa, ila muulize kinaishia kina gani. Wanaanza na picha zilizopigwa na ndege za Waingereza wakati wa vita, wakiona alama wanatoboa matundu kila baada ya mita moja na nusu hivi wanashusha kifaa kinachosikia chuma. Wakipima mita mbili na nyie mkachimba tatu, cheti hakikulindi.

Na hiyo habari ya mnyororo ndiyo inayonitisha kuliko yote. Kuna fyuzi (viwashio vya bomu) za kuchelewesha, ndani yake kuna kichupa cha asetoni, bomu likiwa bado linaanguka angani kichupa kinapasuka na ile asetoni inalainisha taratibu kisahani cha seluloidi, plastiki ya zamani, kinachozuia pini, kikiisha nguvu pini inaruka na bomu linalipuka. Mabomu mengi yalitua yakageuka pua juu, asetoni haikufika ilikotakiwa, kwa hiyo mpaka leo pini imezuiwa na kipande cha plastiki chenye miaka 80 na kinazidi kuoza. Göttingen, hapahapa Ujerumani, mwezi Juni 2010 wataalamu watatu walifariki na bomu la namna hiyo wakiwa bado kwenye maandalizi, hawajaanza hata kulitegua. Wataalamu hao, sasa nyie na mnyororo?

Mama Kurasini
Jamani mwanangu pole, piga simu bwana, watoto wanakuhitaji wewe kwanza hiyo ada tutaichangia hata hapa. Mimi nauliza tu, Dar na Hamburg ni miji dada tangu 2010 lakini haya mambo hatuambiwi. Hivi wakishalikuta kwa nini wasililipue hapohapo watu wakaendelea na kazi?

Mjengo Uingereza
Mama shikamoo. Wanalipua pale tu kutegua kunaposhindikana, maana kando kuna mabomba ya gesi, kuta za mto, nyumba za watu. Huku Great Yarmouth Februari 2023 lilikutwa bomu la kilo 250 wakati wanajenga daraja, wakajaribu kulikata taratibu ili baruti iungue bila kulipuka, likalipuka lenyewe katikati ya kazi, lakini eneo lilishafungwa na hakuna aliyeumia. Na Świnoujście kule Poland, 2020, lilikuwa limezama kwenye mfereji wa meli, tani zaidi ya 5, nalo likalipuka wakati wa kazi na hakuna aliyedhurika kwa sababu watu walishahamishwa. Ila Januari 2014 Euskirchen, huko Ujerumani, dereva wa kijiko alikuwa anashughulikia kifusi tu, hakujua kuna nini ndani, akafa palepale.

Kuhusu mshahara ndugu yangu, saiti ikifungwa na wewe ulikuwa tayari kufanya kazi, hiyo hasara kwa sheria ya Ujerumani kwa kawaida ni ya mwajiri. Andika leo saa ulizofanya, uliyoyaona na aliyoyasema msimamizi, na upige picha kama ipo njia ya kufanya hivyo kwa mbali. Usirudi shimoni kwa ajili ya picha.

Mwenye mada
Wakuu nimepiga. Saa sita kasoro usiku walikuja polisi, halafu gari la zimamoto, wakaniuliza nionyeshe sehemu nikaonyesha nikiwa getini. Jamaa mmoja akaingia na tochi, akakaa kama dakika ishirini, alipotoka alikuwa anaongea na redio na hapohapo wakaanza kugonga milango ya nyumba za jirani. Wameniambia mita 300 pande zote hakuna mtu kubaki, na hadi mita 500 watu wakae ndani mbali na madirisha. Sasa niko ndani ya basi na wazee wa nyumba za jirani, kuna bibi mmoja kashika paka wake kwenye boksi, ananiambia akiwa mtoto alizikimbia ndege hizohizo. Msimamizi kapiga simu mara nne sijapokea.

Dereva wa Kijiko
Usipokee hadi kuche. Ukiulizwa jina waambie polisi tu, na nitumie namba yako inbox, asubuhi nakuja na mtu wa chama cha wafanyakazi.