Mrejesho: Niliripoti, lakini sikwenda peke yangu

Wiki tatu zilizopita niliwaomba ushauri. Cherehani yangu iliibwa kibandani, na niliyemwona akiibeba alfajiri ni kijana wa jirani, miaka 19. Niliogopa kumpeleka kwa askari kwa sababu mtaani kwetu hapa Nairobi wapo vijana waliochukuliwa wakarudi maiti. Cherehani hununuliwa nyingine.

Waliosema niwaachie wananchi wenye hasira, hapana. Tairi na petroli si haki.

Nilianza kwa mama yake. Alinisikiliza sufuria ikiwa mkononi, hakuiweka chini mpaka nilipomaliza. Akasema, "Twende, mama Zawadi, lakini usiniache huko." Tukaenda na mzee wa nyumba kumi na msaidizi wa sheria wa kujitolea.

Kituoni tuliombwa pesa ya mafuta. Hatukutoa. Tulikaa kwenye benchi kuanzia saa tatu hadi saa nane, ndipo taarifa ikaandikwa nikapewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Kijana alipokamatwa jioni, msaidizi aliwakumbusha kwa upole, mara mbili, Kifungu cha 49 cha Katiba: mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Usiku ule sikulala.

Asubuhi nilimwona kizimbani, mzima, akivuta mikono ya shati. Nililia. Sasa yuko nje kwa dhamana.

Cherehani haijapatikana. Jana mama yake alikuja, tukanywa chai, hatukuongea sana.