Viapo vya Frimasoni: vibadilishwe au viachwe vilivyo?

Mdadisi_Upanga: Wakuu habari za leo. Baba mdogo ni mwanachama wa loji, yaani tawi la Frimasoni, siku nyingi, juzi tumebishana sana, mimi namwambia hizi taratibu za kumwingiza mtu, kufungwa kitambaa machoni, kamba shingoni, goti wazi, ni za karne ya 18 huko London, si zipunguzwe tu vijana waelewe? Yeye anasema ukigusa neno moja umeharibu yote. Mnaonaje?

Kitasa: Baba mdogo apewe heshima yake ila historia inamkatalia. Grand Lodge ya kwanza, yaani uongozi mkuu wa loji nyingi, ilianza London 1717, kufika 1751 wakatokea wengine na Grand Lodge yao, wanadai wenzao wamechezea taratibu za zamani, wakavutana miaka 60 na zaidi mpaka wakaungana 1813, na ndo ikabidi wakae waoanishe maneno ya sherehe. Sasa hiyo anayoitetea ni ya baada ya mapatano! Halafu 1986 Waingereza wakaondoa kwenye kiapo zile adhabu za kukatwa koo na kung'olewa ulimi. Hapo walifanya vizuri sana, mtu ameweka mkono juu ya Biblia au Kurani yake anataja adhabu ambayo hakuna atakayeitekeleza, mbele ya Mungu hilo sio jambo dogo.

MamaPili_USA: Mume wangu yumo Knights of Columbus, chama cha wanaume Wakatoliki. Wao tangu 2020 zile hatua tatu za mwanzo za kuingizwa zimekuwa sherehe moja, na familia inaruhusiwa kuhudhuria. Nilikaa na watoto tukasikia anachoahidi. Kwa kweli nilitulia moyo, siri ndo inazaa maneno mtaani.

Fundi wa Maneno: Dada nakuelewa, ila jamani msimbeze mzee. London kuna loji ya kufanyia mazoezi ya sherehe, inaitwa Emulation, ipo tangu 1823, ukiendesha sherehe nzima kwa kichwa bila kusahihishwa hata neno moja unapewa kikasha cha kiberiti cha fedha. Mtu anayejifunza hivyo miezi na miezi yale maneno yanamwingia, anayaishi. Adhabu ziondolewe sawa, familia waje sawa, lakini siku mtakapoanza kusoma kwenye simu mbele ya mgeni aliyefungwa macho hapo mimi nakataa kabisa.

Mdadisi_Upanga: Hii ya 1813 nampelekea leo leo.